Nguzo Isiyozunguka

Kitu cha kwanza alichokiona Ornella ni mstari mwekundu kwenye jiwe. Ulikuwa mwembamba, wenye rangi ya divai iliyomwagika zamani, na ulipanda kwa mshazari kwenye nguzo fupi ya marumaru. Mkono wa Nedim ukaizunguka nguzo, kiganja kikatoka kushoto kikaenda kulia, na sauti yake ikasema, "Inazunguka, mama. Laini kama siagi." Lakini ule mstari haukutoka mahali pake. Mkono ndio uliozunguka. Jiwe lilisimama.

Ornella alikuwa ameshika tableti mbele ya uso wa Bibi Fikreta, mama yake Nedim, ingawa bibi mwenyewe hakuweza kuona picha. Macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka mingi. Aliweza kutofautisha dirisha na ukuta, basi. Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa amesema kwamba Ornella atamwangalilia.

"Wewe una macho ya msichana," alimwambia. "Mimi nina masikio tu, na mwanangu ana ulimi. Haitoshi."

Sasa akainua kidevu. "Ornella, umeona? Inazunguka?"

Ornella alifungua mdomo. Kwenye kioo, Nedim alikuwa amegeuza kamera na kuuleta uso wake karibu. Alikuwa kule kwao Bosnia, ndani ya msikiti wa mji mdogo wa Vrelovac, na alimtazama Ornella, si mama yake. Uso wake haukuonyesha hasira wala ombi. Ulikuwa uso wa mkubwa wa ofisi anayesubiri lifti ifike.

Ornella alikuwa mtu ambaye maneno humjia baada ya watu wengine kutoka chumbani. Alijijua hivyo. Kabla neno halijamfikia, Nedim alimsemea.

"Ametikisa kichwa, mama. Amesema ndiyo."

Hakutikisa kichwa. Lakini bibi alishusha pumzi, akaegemea kiti, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, na Ornella akabaki ameshika tableti iliyozimika, masikio yakimwaka moto.

Kazi hii alikuwa ameipata kwa mkono wa Maman Émérance, mdogo wa mama yake, aliyemlea huku ughaibuni, mtaa wa Koekelberg, tangu alipofika kutoka Uvira. Maman Émérance alisafisha ofisi moja kule Schuman, na katika ofisi hiyo alikuwamo Nedim, bwana mpole wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumtunza mama yake nyumbani kwake Uccle. Maman Émérance akamwambia ana binti, si msemaji, haibi, hachelewi. Yote hayo yalikuwa kweli. Shule Ornella aliiacha darasa la nne, vita vilipofunga madarasa na yeye akabaki kubeba maji na wadogo zake. Hakuwa na kisomo cha kuonyesha. Alikuwa na mikono.

Mikono hiyo ilimwosha Bibi Fikreta, ikamvisha, ikamchana nywele nyeupe zilizomfika kiunoni. Walizungumza Kifaransa, kila mmoja na chake kilichovunjika upande wake. Bibi alimtaka amwite Nana, kama wajukuu wa kwao wanavyowaita bibi zao. Alikuwa na ulimi mkali na aliupenda. Kuhusu kazi ya mwanawe alisema, "Wanakutana ili waamue watakutana tena lini."

Na kuhusu msikiti alisema siku nzima. Mwanzoni Ornella alisikiliza kwa adabu tu. Yeye alikuwa mtu wa kanisa. Msikiti wa watu wa mbali ulimhusu nini? Kisha asubuhi moja Nana alipapasa mezani, akachukua kopo la mraba la biskuti, akafunika bakuli la supu juu yake.

"Gusa," akasema. "Chini pembe nne, juu duara. Bakuli linaelea kwenye pembe, si kweli? Chini ya ukingo wake pana nafasi tupu. Sasa fikiri bakuli hilo ni la mawe, na upana wake ni nyumba nzima. Nani atalishika pale kwenye pembe?"

Ornella alipitisha kidole kwenye ile nafasi tupu. "Litaanguka."

"Halijaanguka kwa miaka zaidi ya mia nne." Nana alichukua mkate, akaumega vipande, akavibana kwenye kila pembe, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikijitokeza zaidi ya kilicho chini yake. "Hivi. Mafundi waliijaza kila pembe kwa tao dogo lililojikunja kama kiganja kinachokinga maji. Mraba ukawa pembe nane, pembe nane zikakaribia duara, kuba ikakaa. Hakuna msumari wala chuma. Uzito unaushika uzito mwenzake."

Wakala ule mkate baadaye na supu. Tangu siku hiyo Ornella aliuliza maswali, yeye asiyeuliza.

Msikiti ulijengwa zamani za sultani wa Istanbul, kwa mali ya mjane mmoja aliyeitwa Shemsa. Aliuweka wakfu: mali ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi. Akaacha sharti kwamba msimamizi wake awe daima mwanamke mkubwa wa ukoo, na kwamba hakuna mtu atakayechimba karibu na ukuta bila idhini ya mwanamke huyo. Na fundi wake akamwachia namna ya kujua hali ya jengo bila kuwa fundi. Ndani, kila upande wa mihrabu, ile kibla ya ukutani wanakoelekea wanaosali, alitia nguzo nyembamba ya marumaru iliyochongwa ikaenea kwenye tundu lake juu na chini, bila kubeba kitu. Ukiikumbatia kwa kiganja, inazunguka. Ikizunguka, kuta zimekaa sawa. Siku ikigoma, jengo limesogea, na uzito umeanza kuegemea mahali pasipo pake. Kila Ijumaa, kabla wanaume hawajaingia, mwanamke wa nyumba ya Shemsa aliingia peke yake, akaizungusha, akatoka. Nana alifanya hivyo tangu ujana wake mpaka vita vilipomtoa.

"Wanajeshi walitia viazi vyao humo," alisema. "Mnara waliulipua, ukaangukia bustanini. Kuba waliiacha, viazi visinyeshewe. Niliporudi kuona, sakafu ilinuka uozo, vioo hakuna, mazulia hakuna. Nikaishika nguzo. Ikazunguka. Nilikaa chini nikacheka kama mwehu."

Na sasa, kando ya ukuta wa kibla, palepale penye ile bustani, hoteli ilikuwa inajengwa. Nedim alikuwa mbia katika hoteli hiyo. Bustani aliirithi kwa baba yake, akaiingiza kwenye ubia kama fungu lake. Mama yake alilijua hilo, ndiyo maana hakuuamini ulimi wake. Hoteli ilitaka maegesho ya magari chini ya ardhi. Mzee Hasib, mkuu wa kamati ya msikiti, akampigia Nana simu kutaka idhini yake kama msimamizi, na Nana akajibu: waanze kwa mtaro mdogo, kisha nguzo ijaribiwe. Ikizunguka, wachimbe. Ikigoma, waache. Nedim akasema yupo njiani kwenda huko, mtaro ukishaanza ataijaribu mwenyewe mbele ya kamera, hakuna haja ya kuwasumbua wazee.

Ndipo ukaja ule mkono na ule mstari mwekundu.

Jioni ya siku ile Nana alimpigia Mzee Hasib. Ornella hakujua Kibosnia, lakini katikati ya maneno yale alisikia jina lake. Ornella, Ornella tena. Nana alikuwa akilitaja kwa fahari, kama mtu anayetaja shahidi wake. Ornella alikuwa bafuni akisugua beseni. Alisugua mpaka glavu ikapasuka kidoleni, akaendelea kusugua.

Nedim aliporudi alimletea kijungu cha shaba cha kupikia kahawa, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Alimkuta jikoni peke yake.

"Wewe ni msichana mwerevu, Ornella," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu mzee hahitaji ukweli wote. Anahitaji kulala. Umeona anavyolala sasa?"

"Ndiyo, Monsieur Nedim."

"Basi. Sisi wawili tumempa usingizi."

Alikipokea kijungu. Hilo nalo lilimkasirisha: kwamba mkono wake ulinyooka wenyewe ukapokea, na mdomo ukasema asante. Lakini kilichomchoma zaidi ni yale maneno, kwa sababu alikuwa ameyasikia hapo kabla, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mwaka mmoja nyuma, mama yake aliugua Uvira. Kila Ornella alipoomba kuongea naye, Maman Émérance alimjibu vilevile: "Mama yako iko kwa shamba, réseau ya simu haiko kule." Kanisani wanawake walianza kumkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mtu alimpisha kiti bila sababu. Kisha, baada ya usaili wa makaratasi yake ya ukimbizi, alioungojea kwa hofu, kupita salama, jioni moja alirudi akakuta sebule imejaa watu wazima, mchungaji katikati, na nafasi moja tupu kwenye kochi. Akaelewa kabla hajaketi. Mama yake alikuwa amekufa na kuzikwa zamani. Kila mtu chumbani alijua, na watoto wa jirani walijua. "Tulitaka ulale muzuri kwanza, upate papiers," Maman Émérance alimwambia huku analia. Ndivyo desturi ilivyo: msiba haumwagwi kwenye simu, mtu huandaliwa. Ornella aliwatazama wote waliomwandaa. Akasema, "Aksanti." Hakusema kingine, na tangu siku ile hawakulizungumza tena.

Kwa wiki tatu alimwosha Nana mgongo na kusikiliza habari za kuba. Kila asubuhi alijiambia leo atasema. Kila jioni alipanda tramu na neno lake limekaa palepale kooni, na hasira haikuwa tena ya Nedim peke yake. Ilimgeukia yeye mwenyewe, kisha ikarudi kwa Nedim ikiwa imenona.

Jumamosi moja Nedim alishuka na kikombe cha kahawa, amevaa sweta la nyumbani. Nana alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nywele zimeachwa wazi, Ornella nyuma yake na kitana.

"Hasib amepiga," Nana alisema. "Mtaro wameumaliza. Jumatatu mashine kubwa inaingia. Anataka neno langu la mwisho kabla ya adhuhuri."

"Mpe, mama. Umeshasikia mara ngapi?"

"Nimesikia kwako. Kwake sijasikia. Nimesikia kwako kwamba yeye ametikisa kichwa." Aliinua kidole. "Kichwa hakina sauti."

"Msichana ana haya. Unamtesa bure."

"Haya si ugonjwa. Ornella, acha nywele. Njoo hapa mbele."

Ornella alizunguka kiti. Nana alipapasa hewani, akaupata mkono wake, akaushika kifundoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vyenye nguvu kuliko alivyotarajia.

"Sema wewe. Inazunguka?"

Nedim alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Alimtazama Ornella, akaanza kutikisa kichwa chini na juu, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuitikia. Na hapo kitu kikakatika. Alikuwa anamtikisia kichwa, kichwa chake yeye Ornella. Alikuwa anakitumia tena, hapa hapa, mbele ya macho yake.

"Haizunguki, Nana."

Sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza. Akairudia, ikatoka kubwa kupita kiasi. "Haizunguki. Sikutikisa kichwa siku ile. Yeye alisema nimetikisa. Sikutikisa."

Kikombe cha Nedim kiligonga kisahani.

"Umejuaje?" Nana aliuliza. Hakuachia kifundo.

"Jiwe lina mstari mwekundu, umepanda hivi." Alichora kwa kidole kwenye mkono wa bibi. "Mkono ulizunguka. Mstari haukusogea."

Nana akasema, taratibu, "Nguzo ya kulia. Tuliuita mshipa wa Shemsa. Ukizungusha, unapotea nyuma, unarudi."

"Haukupotea."

"Mama," Nedim alisema, "ni rangi. Walipaka kuta mwaka jana, rangi imeingia kwenye tundu, imekauka. Nitamtuma mtu akwangue."

"Rangi."

"Ndiyo, rangi tu."

"Basi kwa nini mkono wako ulicheza ngoma?"

Nana aligeuza uso upande wa sauti ya mwanawe.

"Ungeniambia rangi siku ile, ningekwambia ikwanguliwe. Ulizunguka jiwe kama mwizi anayezunguka nyumba. Kaa chini."

Nedim hakukaa. "Ni jiwe moja dogo, mama. Mji ule hauna kazi, vijana wote wanakimbia, na wewe unaushikilia kwa jiwe moja."

"Jiwe hilo lilizunguka walipokuwa wanalipua mnara. Wewe umelikwamisha kwa gereji." Akamgeukia Ornella, na Ornella, aliyekuwa ameanza kupumua, akaona kwamba ule uso haukuwa umemlainikia. "Na wewe. Umejua tangu siku ile?"

"Ndiyo, Nana."

"Umenipaka mafuta miguuni. Umekula mkate wangu. Nimekueleza habari za kuba kama mjinga, kila siku, na ulijua."

"Niliogopa."

"Nani? Huyu? Huyu anaogopa paka." Aliachia kifundo. "Nipe simu."

Alizungumza na Mzee Hasib kwa maneno machache. Kisha wakangoja, watatu hao chumbani, hakuna aliyemtazama mwenzake. Ornella alikusanya nywele zilizobaki kwenye kitana akazikunja kidonge kidogo, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Simu ilipolia, Nana aliisikiliza yote bila kukatiza, kisha akayasema kwa Kifaransa, wazi, ili kila mtu asikie. Hasib alikwenda na mwashi. Nguzo ya kushoto inazunguka nusu, inagoma. Ya kulia wameishika watu wawili, haikutoa hata mlio. Nje, chini ya ukuta wa kibla, juu ya mtaro, wamekuta ufa unaoingia kidole. Mtaro unafukiwa leo. Hakuna mashine itakayowashwa mpaka wahandisi waje waseme, na idhini yake Nana ameifuta.

Baada ya hapo Nana alikaa na simu magotini. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, umejikunja kama umeshika kitu, na ulikuwa ukizunguka polepole.

Nedim alimfuata Ornella kwenye korido.

"Jumatatu usije," alisema. "Na kijungu chako kipo jikoni, usikisahau."

Ornella alivaa koti. Alisimama kidogo kwenye mlango wa chumba. "Kwaheri, Nana."

"Funga mlango," Nana alisema bila kugeuka. "Baridi inaingia."

Kijungu hakukichukua.

Njia yote mpaka Koekelberg alikaa amekunja ngumi mifukoni. Alikuwa amedhani akisema ataona wepesi. Hakuona wepesi wowote. Aliona kwamba amechelewa, kwamba ufa unaoingia kidole haukuwa unaingia kidole wiki tatu zilizopita, na kwamba waliomfunza kunyamaza walimfunza vizuri sana.

Maman Émérance alikuwa amesimama katikati ya sebule, kitambaa cha kichwa kimelegea, simu mkononi. Mumewe, Tonton Donat, alikuwa mbele ya televisheni; alipomwona Ornella akapunguza sauti.

"Monsieur Nedim alinipigia," Maman Émérance alisema. "Anasema ulimuingilia mu mambo ya famille yake. Ni kweli?"

"Ni kweli, Maman."

"Bon. Na mi niko nafagia mu bureau yake. Lundi nikirudi kazi, nitamuangalia na macho gani?"

Ornella alivua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Nilimuambia: mutoto wangu si wa maneno. Njo vile nilikuuzisha, juu ya kimya yako. Hata kwa kanisa, kusalimia bantu ni shida, tunakusukuma na kiwiko. Ile kinywa haufunguake, na leo njo ulipata siku ya kuifungua?"

"Émérance," Tonton Donat alisema, "acha mutoto akule kwanza."

"Atakula nini? Kazi iko wapi?" Alimsogelea Ornella, sauti ikashuka, na katika kushuka ikawa mbaya zaidi. "Ile mosquée ni ya baba yako? Sisi tuko bakristo. Ule mumama si ndugu yako, ule bwana hakukupiga, hakukutukana. Alidanganya mama yake, ni mama yake. Donc nieleze, Ornella. Ile bongo, ile uongo yake, ilikuuma wapi?"

Ornella aliweka kiatu chini. Alingoja watu watoke chumbani, kama alivyozoea, lakini hakuna aliyetoka, na neno lilikuwa limeshafika.

"Iliniuma hapa, Maman. Mu hii salon. Mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa, na mi niko napiga magoti hapa kila mangaribi, naomba Mungu amuponyeshe. Na wewe ulikuwa unapiga magoti pembeni yangu, unanishika mukono. Ulikuwa unajua, na ulikuwa unasema Amina."